Mfalme wa Mabua

Hapo zamani sana, watoto, mabua ya mpunga yalikuwa na kazi nyingi kuliko diwani. Yaliezeka nyumba, yalitandikwa chini ya wagonjwa, yalisokotwa kamba, na ukame ulipozidi ndiyo yaliyokuwa chakula cha jioni.

Mwaka huo wa ukame Simba, mfalme, alikufa kwa homa. Aliyejua ni karani wake tu, Mbweha, na Mbweha hakutangaza msiba. Alimchuna Simba, akaijaza ngozi mabua, shindilia, shindilia, akaishona na kuikalisha kitini. Kisha akatoka nje, akakohoa kiserikali.

"Mfalme anasema kila nyumba, kwa zamu, ilete mtoto mmoja wa kumtumikia."

Watoto waliingia. Hakutoka hata mmoja. Kuuliza kulihitaji kibali, na kibali alikitoa Mbweha, ambaye siku hizo alikuwa akinenepa.

Zamu ikamfikia Nyati, Mama Tunu. Alikuja na ndama wake, Tunu, mbavu zao zikihesabika.

"Hodi!"

"Mwache mtoto hapo, uende zako," alisema Mbweha.

"Karani, nina huyu mmoja tu. Nitamwomba Mfalme mwenyewe."

"Mfalme ana kikao!"

Nyati akampiga kikumbo, akaingia na Tunu, akapiga magoti mbele ya kiti. Harufu ya mabua ikampanda puani. Njaa haina adabu, watoto. Nyaku! Sikio la Mfalme likabaki mdomoni mwake, na mabua yakamwagika, chwaa!

"Jamani, njooni! Mfalme ni mabua!"

Majirani wakaingia mbio: Mzee Pofu, yule swala mkubwa kuliko swala wote, na pembe zake ndefu, Mama Punda Milia na kwato zake. Wakaona.

Mbweha alikuwa mdogo, peke yake, na mlango ulikuwa umezibwa. Hata hakutetemeka.

"Mzee Pofu, shikamoo. Mwanao yuko wapi?"

"Ni... nilimleta kwa Mfalme."

"Na wako, Mama Punda Milia?"

"Kwa Mfalme."

"Haya, niambieni nyinyi wenyewe. Mliwaleta kwa Simba, au mliwaleta kwa mabua?"

Pofu alitazama kiti muda mrefu. Machozi yakamtoka.

"Kwa Simba," alisema. "Mwanangu alichukuliwa na Simba."

"Mzee wangu, mimi hapa namtafuna!" Nyati akalia.

"Tema, Mama Tunu," alisema Punda Milia kwa sauti ya chini. "Tema sikio la Mfalme."

Mama Punda Milia akayazoa mabua, akayarudisha, akashona mwenyewe. Mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wa Mbweha. Pofu akamsukuma Nyati nje kwa pembe.

"Usilie, mama," alisema Tunu akiwa ndani. "Si umesema ni mabua tu?"

Mlango ukafungwa, kwii.

Nanyi mjue hivi, watoto: uongo ukishamla mtoto wa mtu, mzazi huyo ndiye atakayeulinda.