Kwa Nini Mifupa Imo Ndani ya Nyama

Hapo kale, watu walipokuwa hawajajua kukumbatiana, mifupa yao ilikuwa nje na nyama ndani, kama kobe. Mwiba haukuwachoma, jiwe halikuwatoa damu. Lakini mtu akimsogelea mwenzake, magamba yaligongana ko! ko! kama vibuyu vitupu, na mambo yakaishia hapo.

Katika milima ya Taita, kwenye ukungu, aliishi mama aliyeitwa Mkawasi. Mtoto wake wa kwanza alimfia mikononi kwa baridi, na yeye ana joto tele ndani ya gamba lake. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Alipojifungua wa pili, Mghanga, kipupwe kikaingia, na mtoto akaanza kutetemeka vilevile. Mkawasi akambana kifuani. Ko! Akambana tena. Ko! Joto halikupita.

Akambeba, akapanda naye mlimani hadi kwa Muumba. Hata salamu hakuimaliza.

"Baba, niondolee gamba hili."

"Mkawasi, binti yangu, hilo ndilo linalokulinda. Nikilitia ndani, utachomwa, utakatwa, utavimba. Utalia."

"Kwani sasa silii? Acha niumie, Baba, mradi huyu apate joto langu."

Muumba akampokea mtoto, akamlaza kando yake. Kisha akalivua lile gamba, akachonga mifupa mirefu ya mikono na miguu, na midogo midogo ya vidole, akaipanga ndani kama nguzo na fito za nyumba. Nyama akaizungushia nje, akaifunga mfupani kwa kano. Mkawasi akajaribu mkono. Ukakunjika, ukakataa kunyooka.

"Msuli unajua kuvuta tu, kusukuma haujui," Muumba akasema. Akauongezea mkono msuli wa pili kwa nyuma, ili mmoja ukivuta, mwenzake ulegee. Mkono ukanyooka. Ila kichwani na kifuani hakuondoa kinga: aliacha fuvu juu ya ubongo, na mbavu kuuzunguka moyo. "Hapa ukiumia," alisema, "sitakuwahi."

Akamgeukia mtoto. Mikono, miguu na mgongo vilikuwa tayari, naye alikuwa akiunga mifupa ya kichwa, imebaki nafasi ndogo tu utosini, Mghanga alipoangua kilio. Mkawasi hakungoja. Alimpokonya, akamkunjia mikono yote miwili, nyama kwa nyama, na kule kutetemeka kukapungua, kukakoma.

"Sijamaliza!" Muumba akasema. Lakini alipomwona mama yule ameegemeza shavu kichwani kwa mwanawe, akashusha mikono. "Haya. Patafunga penyewe polepole. Wewe palinde."

Wakishuka, mwiba ukamchoma Mkawasi wayoni. "Uwi!" akalia, damu ikatoka. Mtoto hakumwachia.

Na tangu siku hiyo mifupa yetu imo ndani, nasi twaumia kwa kitu kidogo tu. Na kila mtoto huzaliwa na utosi laini, unaopwitapwita chini ya kiganja mpaka ufunge wenyewe, na hakuna mama anayehitaji kuambiwa apitishe mkono hapo taratibu.