Pilipili ya Pembeni

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe ni ya juzi tu, simu za tachi zimeshajaa mjini, palikuwa na binti pale Tanga akiitwa Sikudhani. Binti huyu aliacha kazi nzuri ya benki, watu wakamwona hamnazo, akajifungia ndani kutengeneza programu ya simu ya kuagizia vitu vya sokoni. Akaiita Kapu.

Uzuri wa Kapu ulikuwa sura yake. Ukiifungua, unaona ungo. Nazi katikati, nyanya na vitunguu vimeizunguka, tangawizi chini, na pilipili pembeni kabisa, peke yake kama mkwe aliyenuniwa. Husomi kitu; unagusa picha, bodaboda inakuletea mlangoni. Wasiojua kusoma waliipenda, na wazee wasioona vizuri wakaipenda zaidi. Sikudhani akapumua, akasema sasa nimetoka.

Kumbe wapi! Akatokea kijana akiitwa Chande na programu yake, Tenga. Ukiifungua, unaona ungo. Nazi katikati, nyanya na vitunguu vimeizunguka, tangawizi chini, na pilipili pembeni kabisa, peke yake. Tofauti ilikuwa moja: mtandao ukilegea, Kapu inaganda, Tenga haijui kuganda. Wateja wakaanza kuhama kimya kimya, kama paka waliosikia harufu ya samaki kwa jirani. Sikudhani alilia, akafuta machozi, akaenda mahakamani.

Hakimu Mbelwa alisema mapema: ungo atabaki nao mmoja, na mwingine yeyote atauondoa kwenye kioo chake. Sikudhani akaikumbatia simu yake, maana bila ungo ule Kapu yake ni kapu tupu, na benki hawamrudishi tena.

Akasimama. Akaeleza alivyochora, akafuta, akachora tena mpaka macho yakamwuma. Akamalizia kwa kumtazama Chande. "Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio."

Chande hakutikisika. "Nyota haina mwenyewe, dada. Mimi nilichounda ni chombo." Akaeleza kwamba ndani ya Tenga hamna hata uzi mmoja wa Kapu, yote kayaandika kwa mkono wake. Sura kaiiga kweli, hakatai. Lakini vidole vya watu vilishazoea. Angehamisha nazi, bibi kizee angeagiza nyanya akaletewa tangawizi.

"Na hii pilipili," hakimu akauliza, "mbona umeiweka pembeni?"

"Kwani si ndipo inapokaa?"

Watu wakaangua kicheko. Sikudhani naye alicheka, tena sana, mpaka hakimu alipomgeukia yeye na swali lilelile. Akaigusa pilipili kwenye simu yake, akaigusa tena. Pilipili ya kwenye simu haimwashi mtu.

"Kwa shangazi yangu ilikuwa hapo," akasema, na sauti ikamfifia.

Basi shangazi mwenyewe yupo, benchi la nyuma. Bi Mwanakombo, muuza viungo wa soko la Ngamiani, alikuja na chakula ili kumtia moyo mwanawe. Akainuka taratibu. Ungo ule, alisema, aliupanga yeye mwenyewe, Sikudhani akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Pilipili aliisogeza pembeni siku mtoto huyohuyo alipoishika akajifikicha macho, soko zima likakimbilia maji.

"Sikuja kudai," akasema. "Ila asubuhi nzima mmeutaja ungo, hakuna aliyeutaja mkono. Asiyekuwepo na lake halipo. Mimi mbona nipo, mwanangu?"

Sikudhani akainamisha uso. Aibu ilimshika kwelikweli. Hakuwahi kumwomba shangazi ruhusa, wala haikumpitikia kwamba kuna la kuomba.

Kabla hajainua kichwa, shahidi wake, Bi Somoe, mteja mkongwe mwenye mtoto wa jicho, akagonga mkongojo. Alisema kapata tabu sana kukifundisha kidole chake njia za ungo ule, na sasa anapika bila kumsumbua mjukuu. Mpeni mnayemtaka, akasema, lakini pilipili yangu isihame.

Hakimu akaahirisha shauri, akidai njaa imezidi fikra. Akatoa simu yake chini ya meza aagize vitu vya kachumbari. Macho yake bado yako kwa Sikudhani, kidole kikaenda chenyewe pembeni, kikaigusa pilipili. Aliigusa kwenye Kapu au kwenye Tenga? Hata yeye ilibidi aangalie.

Nje kwenye ngazi, Sikudhani alikuwa akimmenyea shangazi yake chungwa, na hakujua amwombee shangazi huyo ashinde au ashindwe. Chande kaketi ngazi ya chini yao, naye akapewa kipande.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msijifanye hamna simu. Yupo aliyeupanga, yupo aliyeuchora, yupo aliyeuiga usigande, na yupo Bi Somoe na kidole chake. Ungo ni mmoja. Je, nani alistahili kuachiwa?