Walioitika Nje ya Lango

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, mji wa Vumbarani ulikuwa vitani. Kila alasiri askari waliitwa majina langoni. Aitwaye huitika, "Nipo," akapewa kibaba cha mtama. Akiugua, ndugu yake huitika kwa niaba yake na kumpelekea chakula. Ilikuwa desturi nzuri, mpaka watu walipoanza kufa.

Faki alipouawa, mkewe Mwanatumu alikwenda kutoa taarifa kwa Jemadari Badi. Jemadari akamtazama yeye na wanawe.

"Shemeji," akasema, "mfalme tusimsumbue kwa misiba. Wewe itika jina lake kila siku. Nusu yako, nusu yangu."

Akamwambia hivyo mjane wa pili, na wa tatu, na kila aliyefuata. Nusu ya jemadari aliiuza Shaibu, mtunza ghala, akajikatia chake. Wachuuzi walioinunua wakaenda kuwauzia maadui. Mtama ukaadimika, mfalme akaongeza kodi, wakulima wakatoa hata mbegu. Naye mfalme alisikia "Nipo, nipo" akiwa ghorofani, akaridhika. Kushuka ngazi awatazame watu usoni, alikuwa mvivu huyo.

Alasiri moja Mwanatumu alichelewa, mtoto ana homa. Alifika jina la Faki likiitwa. Kabla hajafumbua kinywa, mtu akaitika, "Nipo."

Sauti ilitoka nje ya ukuta. Aliijua, ilikuwa ya mumewe. Yakaitwa majina mengine ya marehemu. Kabla wajane hawajaitika, huko nje wenyewe wakaitika mmoja mmoja.

Alfajiri maadui walikuja. Askari walio hai hawakutosha hata kulilinda lango. Mara maadui wakaonekana wanakimbia, wanatupa ngao. Nje ya lango walisimama watu waliojaa udongo, wameupa mji mgongo. Kisha wakageuka.

"Tuliitwa, tukaja," akasema Faki. "Tumelinda. Mtama wetu uko wapi?"

Ghala likafunguliwa. Halikuwa na punje.

"Basi tupeni mmoja aliyetufikisha hapa, aje asimame nasi. Jua likichwa hajatoka, tutaingia wenyewe, na hatutachagua."

Mji mzima ukamgeukia jemadari. "Niliagiza, sikatai," akasema. "Lakini maadui wakirudi kesho, nani ataongoza?"

Shaibu akasema, "Mkubwa akisema pima, mimi napima. Ningefanyaje?"

"Nilidanganywa," akasema mfalme, na safari hii alikuwa ameshuka ngazi.

Mwanatumu alikuwa amembeba mtoto mwenye homa. Nitasema kweli, huyu mama nilimwonea huruma.

"Niliwalisha wana wa Faki," akasema. "Wangekufa. Lakini wao walikula tu. Aliyemwita kila siku na kumnyima usingizi ni mimi."

Lango likafunguliwa. Jua lilikuwa limeshagusa ukuta, na wale wa nje walisubiri bila kupepesa macho.

Haya, nyinyi mlioketi hapa mkinisikiliza, jua haliwangoji. Je, nani alistahili kutoka?