Kivinjari Kilichojibu "Naijua"

Wewe Mama Tusekile, usimkonyeze mwenzako humu ibadani. Najua mnachosema: bibi aliyeishia darasa la saba atatuambia nini kuhusu kompyuta? Mjukuu wangu anaifanya kazi hiyo. Amenieleza mara tatu, na mara ya tatu nilielewa. Wewe hujaelezwa hata mara moja. Kaa usikilize.

Kulikuwa na fundi mmoja, mwanamke, aliyetengeneza kivinjari. Kivinjari ni kile kitu kwenye simu yako kinachofungua kurasa. Ukurasa hauji umepangwa. Unakuja na maagizo, weka hiki hapa, kile pale, na kivinjari ndicho kinachopanga. Wenye vivinjari wote wana kitabu kimoja cha kanuni walichokubaliana. Kanuni mpya ikitoka, ukurasa wenye adabu huuliza kwanza: unaijua hii? Kivinjari kikijibu siijui, ukurasa haununi. Unatoa mpangilio wa zamani, mstari chini ya mstari, na watu wanasoma. Kikijibu naijua, ukurasa unauacha ule wa zamani na kukiamini.

Fundi wetu alipewa kanuni ya kupanga majedwali, ili kilicho kushoto kilingane na kilicho kulia. Nguzo, zile safu za kusimama, alizimaliza vizuri. Mistari, ile ya kulala, ilikuwa bado inamtoroka. Mkuu wake akamwambia wenzao wameshatangaza kwamba wanaijua, wamebaki wao tu. Hakumlazimisha. Ni yeye mwenyewe, kwa aibu ya kuwa wa mwisho, aliyekiandika kivinjari kijibu naijua, akijiambia mistari ataimalizia wiki ijayo. Mnamcheka? Alikuwa amechoka, na alikuwa karibu kumaliza. Hapo ndipo watu wazuri wanapoangukia.

Wiki ijayo haikungojwa. Kwenye zahanati moja nesi alifungua ukurasa wa dawa za watoto, majina ya watoto kushoto, vipimo vyao kulia. Vipimo vilikuwa vimepanda mstari mmoja. Jina la kichanga wa miezi mitatu lilikaa mkabala na kipimo cha mtoto wa miaka minne, na dawa ilishamiminwa kwenye kijiko. Nesi akamtazama mtoto, akatazama kijiko, akakiweka chini. Akachukua karatasi, akaandika vipimo vyote upya kwa mkono, kisha akampigia mwenye ukurasa. Mwenye ukurasa akamtafuta fundi mpaka akampata.

"Dada, ukurasa wangu haukukiuliza kivinjari chako?"

"Uliuliza."

"Kikajibu nini?"

"Kikajibu naijua. Mimi ndiye niliyekifundisha."

Akaanza kulia kwenye simu. Akaomba wiki mbili aimalize ile mistari, akaapa hatapumzika. Yule bwana akamkatisha.

"Sikuombi umalize, dada. Kirudishe kiseme siijui. Mengine ukurasa wangu unayaweza."

Fundi akafuta mstari mmoja tu wa kazi yake, ule wa kujibu naijua. Kesho yake jedwali likafunguka bila urembo wowote: jina, chini yake kipimo. Baya kulitazama, na kila mtoto na chake.

Sasa sisi. Jumapili iliyopita Mama Subilaga alituuliza humu humu, nani anajua kumlisha mumewe aliyepooza, anayepaliwa hata na uji, ili yeye aende kufanyiwa upasuaji? Dada yake wa Kyela alikuwa tayari kumchukua mgonjwa, na ameshawahi kumlisha. Tulijibuje? Tunajua, mama, wewe nenda. Na nani alinyanyua mkono wa kwanza? Usinitazame hivyo, Mama Tusekile. Ni mimi. Kuna mtu humu amewahi kumlisha mgonjwa asiyemeza vizuri? Hakuna, hata mimi. Yule mama alikuwa na njia yake, ya kawaida, inayofaa. Tukamwachisha kwa neno letu, kwa sababu kusema sijui mbele ya watu kunauma.

Mungu hakutudai tujue yote. Anatudai jibu la kweli, ili mwenye shida ajue ashike njia gani.

Mama Subilaga anaondoka leo saa nane. Naenda kumwambia mimi siwezi, ampigie dada yake. Mzigo wake nitambebea mpaka stendi, hilo naliweza. Wimbo wa kufunga anzisheni wenyewe. Mlango naufunga nikitoka, na anayetaka kuja nami kumwambia ukweli, kitasa anakijua kilipo.