Jasusi Aliyemwamkia Adui

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana televisheni zilishaingia hata kwenye nyumba za wabishi, palikuwa na mwanamke huko Korogwe akiitwa Saumu. Kazi yake ilikuwa kuongoza michezo ya kuigiza ya televisheni. Sogeeni karibu. Anayependa hadithi za kumpa usingizi asinisikilize, kwa sababu hii imeninyima raha mimi mwenyewe.

Saumu alikuwa na tamthilia ya chombo cha anga. Chombo hicho kilikuwa ghala la zamani la katani lililobandikwa karatasi za kung'aa, na kila wiki nahodha wake alitua kwenye sayari mpya. Wiki hiyo Saumu akaamua kuwatania wapelelezi wa kwenye sinema. Akamtua nahodha kwenye sayari ambayo watu wake wamejifunza kuishi kwa kutazama sinema za majasusi tu. Huko hata mtoto mchanga huvaa miwani myeusi. Huko huuziwi chumvi mpaka utaje neno la siri. Nahodha naye ikabidi ageuke jasusi, amkamate Profesa Kiza, adui mwenye kiti kikubwa, kuku mapajani, na roketi ya kwenda kuiba nguvu inayotushikilia ardhini, ili sote tuelee kama mapovu ya sabuni.

Jasusi alikuwa Hamduni, kijana mzuri wa sura, mgumu wa kushika maneno. Profesa Kiza alikuwa Mzee Mhina, aliyeanza kuigiza Saumu akiwa bado shuleni. Kamera aliishika Nuriati, binti mkimya, kibarua wa kuitwa kazi inapopatikana.

Roketi ilikuwa tangi bovu la maji lililopakwa rangi ya fedha. Ilikuwa moja tu, nayo ilitakiwa ilipuke kweli.

"Jamani, hapa hakuna kurudia," Saumu alisema. "Hamduni, unavunja mlango, unamwelekezea bastola, unasema, 'Mikono juu, Profesa!' Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Sasa, siku hiyo Mzee Mhina alichelewa. Basi lilimharibikia njiani, na alipofika alipelekwa moja kwa moja kupakwa rangi usoni, kisha kitini. Yaani Hamduni alikuwa hajamwamkia tangu asubuhi. Hilo liwekeni akilini.

Utambi wa roketi ukawashwa. Mlango ukavunjwa. Hamduni akaruka ndani, bastola mbele, akamwona mzee ameketi anamtazama. Ulimi ukafanya ulichozoeshwa tangu utotoni.

"Shikamoo!"

Saumu akashika kichwa. "Kata!" akapiga kelele. "Kata! Kata!"

Utambi hausikii kata. Nuriati alisikia, lakini hakukata. Na Mzee Mhina, huku akimpapasa kuku wake, akaitikia taratibu:

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Nimekuja kukukamata."

"Utanikamata. Kaa kwanza, umetoka mbali. Hebu nishikie kuku nikumiminie chai."

Na kweli, mafundi walikuwa wamesahau chupa yao ya chai mezani. Hamduni akaitazama bastola, akamtazama kuku. Kuku hashikiki vizuri kwa mkono mmoja. Akaiweka bastola mezani, akampokea kuku kwa mikono miwili, akaketi. Nyuma yao roketi ikalipuka, wao wakiulizana habari za mvua.

Saumu alilia kwa hasira. "Nikisema kata, ni kata!" akamwambia Nuriati, na kumfukuza kazi palepale. Nuriati akaiweka kamera chini polepole, akaenda zake.

Kesho yake Saumu akaitazama ile picha. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha kicheko kikamkauka, akaona aibu. Akaiondoa sauti yake mwenyewe, mengine akayaacha yalivyo.

Ilipoonyeshwa, nchi nzima ikacheka. Watoto mitaani wakawa wakikamatana kwa shikamoo. Ndipo mkubwa wa kituo cha televisheni akapiga simu.

"Tamthilia tunaichukua," akasema, "ila tutaifanya na watu wetu. Kwenu tunachukua mmoja, kazi ya kudumu. Tunamtaka aliyekitengeneza kile kichekesho. Ni nani? Au ni wewe mwenyewe?"

Saumu akaomba apewe muda, na habari zikawafikia wenzake.

Hamduni akaja, akasema, "Dada, nafasi ni yangu. Neno lilitoka kinywani mwangu. Ningesema ulichoniambia, tungepata jasusi kama majasusi wengine wote. Nimechekwa mpaka sokoni. Aibu niibebe mimi, tunda ale mwingine?"

"Lakini hukukusudia, Hamduni."

"Sikukusudia. Na wewe ulikusudia?"

Mzee Mhina akaja, akasema, "Nafasi ni yangu, Saumu, lakini sitakudanganya. Mimi sikutania. Nilikuwa nimesahau. Niliona kijana anaingia, ananiamkia, nikadhani niko kwangu. Siku hizi hunitokea."

Saumu alishindwa kumtazama.

"Mbele ya kamera kuna mtu wa kuniambia niketi wapi, nimjibu nani," mzee akaendelea. "Nyumbani hakuna. Ile shikamoo nisingeiitikia, ingekuwa nini? Kosa tu la kijana."

Nuriati hakuja. Saumu alimfuata kwao, akamkuta anapepeta mchele.

"Hamduni aliteleza," Nuriati akasema bila kuacha ungo. "Mzee aliitikia. Mimi peke yangu nilijua ninachokifanya. Uliposema kata, niliona jambo ambalo wewe hukuliona, nikachagua kukuasi. Nafasi ni yangu, na ulinifukuza kwa hilohilo wanalolitafuta."

"Na kama ungekuwa umekosea?"

"Ungenifukuza, dada, na ungekuwa na haki."

Saumu akarudi ghalani peke yake. Alimhurumia mzee, alimwonea haya Nuriati, na swali la Hamduni lilimrudia masikioni. Akakaa kwenye kiti cha Profesa Kiza, na hapo likamjia wazo ambalo hakulipenda, nalo halikuondoka. Ile sayari aliibuni nani? Kiti hiki na kuku, viliwekwa na nani? Bila yeye, hao watatu wangekutana wapi? Lakini pia aliikumbuka sauti yake mwenyewe, ikilia kata, kata, kata.

Simu ikaita. Akaipokea.

"Haya," mkubwa akasema. "Nipe jina. Moja tu."

Saumu akavuta pumzi, akafungua kinywa. Wenzangu, mimi nilikuwa nachungulia mlangoni, na nilipoondoka alikuwa bado hajalitamka, na tangu siku hiyo kila usiku nalitaja jina, na kila asubuhi nalibadilisha. Basi nisaidieni. Ulimi ulioteleza, kinywa kilichoitikia, mkono uliokataa kuzima, au kichwa kilichobuni yote kisha kikataka kuyafuta: je, nani aliistahili nafasi ile?