Picha Iliyofutwa ya Hondohondo

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, watu walikuwa wameshapata simu ila akili ya kuzitumia bado iko njiani. Basi Tabora palikuwa na kundi la wapiga picha. Hakuna aliyewalipa. Walipiga kwa sababu mikono iliwawasha, na kila Jumapili walikutana barazani kwa Mzee Mhoja kuonyeshana walichopata.

Ntemi, fundi simu, alipenda majengo. Ukuta ukipasuka, yeye yupo. Nyamizi, fundi cherehani, alipenda mambo ya kila siku: mama anakaanga maandazi, kinyozi anasinzia kwenye kiti chake mwenyewe. Kashindye alipenda ndege. Ila simu ya Kashindye ilikuwa na ufa kwenye kioo cha kamera, kwa hiyo kila ndege wake alitoka na mstari mweupe kifuani.

"Huyu naye umemfunga waya?" Ntemi alimuuliza kila Jumapili.

Watu walicheka. Kashindye alicheka pia, akaenda kulala na hasira.

Kamera ya kweli ilikuwa moja tu, ya Mzee Mhoja, na waliipokezana kwa zamu. Sheria ilikuwa hii: picha iliyopigwa kwenye zamu yako ni yako. Mzee alipofariki, mjane wake, Bi Telesia, aliwaacha waendelee. Halafu akawaambia anahamia Kigoma kwa binti yake.

"Kamera haiendi na mimi," alisema. "Jumapili ijayo, mwenye picha ambayo mume wangu angeiangalia mpaka chai ikapoa, ndiye atakayeichukua. Moja kwa moja."

Zamu ya wiki ile ilikuwa ya nani? Ya Kashindye. Mnaona mtu anavyobahatika.

Nyuma ya reli palikuwa na ghala kuukuu la tumbaku. Kashindye alikuwa amegundua kwamba juu ya ukuta wake, kwenye tundu, hondohondo jike, yule ndege wa mdomo mkubwa, amejifungia ndani kwa udongo, amebakiza upenyo mwembamba, na dume anamletea chakula. Mwanamume anapeleka chakula nyumbani na hata mlango hafunguliwi. Wengine hapa mnajijua.

Kashindye akasimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akailenga kwenye tundu, akasubiri. Nyamizi alikuwa amemsindikiza. Jua likapanda. Dume hakuja. Kilichokuja ni maharage ya jana, tumbo likaanza kumkoroga Kashindye mpaka jasho likamtoka.

"Dada Nyamizi, simama hapa. Usiguse kitu. Akija, niite."

"Nenda, mdogo wangu, utaaibika."

Akatokomea vichakani. Huku nyuma, mama mmoja wa nyumba ya jirani akatoka kuanika kanga chini ya ukuta ule. Upepo ukaivimbisha kanga, na yeye kibanio cha nguo kimo mdomoni. Nyamizi angeweza kuvumilia? Aliinamisha kamera kidogo, akabonyeza. Mara moja tu. Mabawa yakapiga juu yake, kisha kimya.

Kashindye akarudi anafunga mkanda. Akatazama kile kioo kidogo cha kamera juani. Akaona kanga.

"Nimekwambia usiguse. Nimekaa hapa tangu asubuhi, wewe unanipigia nguo za watu?"

"Kanga nzuri, lakini."

"Basi ni yako. Mimi siitaki." Akaifuta palepale, mbele ya macho ya Nyamizi. Dume hakurudi tena siku ile.

Kadi ya kamera ilipelekwa kwa Ntemi, kama kawaida, ahamishie picha kwenye simu za wenzake. Sasa Ntemi ana tabia mbaya: huchokonoa. Alichofuta mtu yeye hukifufua, aone mtu alikuwa anaficha nini. Akaifufua ile kanga. Akaikuza. Akaling'arisha lile giza la juu ukutani. 

Hondohondo alikuwepo. Amening'inia kwenye upenyo, anapitisha tunda, na mdomo wa jike umetokeza kulipokea. Chini yake kanga imevimba, na yule mama mwenye kibanio mdomoni ameinua macho kumtazama.

Jumapili ikafika. Bi Telesia akaishika simu ya Ntemi yenye ile picha. Chai yake ikapoa.

"Ni hii," alisema. "Ya nani?"

"Yangu," alisema Kashindye. "Tundu nililijua mimi. Kamera niliisimamisha mimi. Na zamu ni yangu. Sheria si mnaijua?"

"Yangu," alisema Nyamizi. "Kamera ingeachwa ulivyoilenga wewe, mdogo wangu, tungepata ukuta na ndege. Kanga nani aliiona? Kidole ni cha nani? Na ulinipa mwenyewe, ukasema huitaki."

"Ndege ulimwona?" Kashindye akamuuliza.

Nyamizi akafikiri. "Nilisikia mabawa. Kama nilibonyeza kabla au baada, Mungu shahidi, sijui."

"Yangu," alisema Ntemi. "Mmoja kaiua, mwingine kaiona inauawa akanyamaza. Nani aliitoa kaburini? Nani aliufungua ule weusi? Bila mimi mngekuwa na hadithi ya kuharisha tu."

"Nani alikutuma uchokonoe?" Nyamizi akamrudishia.

"Na wewe nani alikutuma uinamishe kamera?" Ntemi akamjibu.

Baraza likavurugika. Huyu anasema zamu, yule anasema kidole, mwingine anasema hata yule mama wa kanga aitwe. Bi Telesia akaiweka kamera mapajani, akainua mkono.

"Treni yangu ni leo, na kamera haikatwi vipande vitatu. Kashindye, ulianza kusema, basi malizia. Ungekuwa mimi, ungempa nani?"

Kashindye akafungua mdomo. Neno "mimi" lilikuwa tayari limekaa ulimini. Akaiona ile kamera, akawaona ndege wote ambao angewapiga bila mstari kifuani. Akaitazama tena picha, na jicho lake, la mtu wa ndege, likaenda kwanza kwenye kanga. Likapanda kwa yule mama. Ndipo likamfikia hondohondo, pale Ntemi alipoondoa giza. Akajaribu kumtoa mwenzake mmoja kichwani, picha ikabomoka. Akajaribu kujitoa mwenyewe, ikabomoka pia.

 Barabarani, dereva wa bajaji akapiga honi, mizigo ya bibi imeshapakiwa.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, wenye vyeti mtangulie. Bibi amesimama, kamera iko mkononi, honi inalia. Aliyeitafuta picha akaifuta, aliyeibonyeza bila kujua alichokipata, na aliyeifufua bila kutumwa: je, aikabidhi kwa nani?