Vidole vya Mize

Chanda chema huvikwa pete. Ndivyo alivyosema mjomba wa bwana harusi jana, na nyote mkageuka kutazama kidole cha bibi harusi, Nasra, kilivyonakshiwa hina. Leo mmekuja kuniuliza mimi bibi yenu kama maana yake ni kwamba msichana mzuri hapati taabu ya mchumba. Sivyo, wajukuu zangu. Kidole kilichosemewa neno hili mara ya kwanza kilikuwa na sugu, na ukucha wake ulikuwa na ufa. Tulieni niwaambie lilikotoka.

Zamani katika mji wa Kivundani, penye mikindu mingi kuliko minazi, kila mwanamke alijua kusuka ukili. Ukili, kwa nyinyi mliozaliwa juu ya magodoro, ni ule utepe mrefu wa miyaa, majani makavu ya mkindu, unaosukwa kwa mkono, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Upana wa ukili wa Kivundani ulikuwa vidole vinne. Msukaji alilaza mkono juu ya kazi yake, akaona vidole vimeenea, akaendelea. Hawakuwa na kipimo kingine, na mikeka yao ilisifiwa hadi miji ya mbali.

Basi watu wa mji wakajenga msikiti mpya, mkubwa kuliko wa kwanza. Wanawake wakaahidi mkeka mmoja wa kuenea sakafu nzima, utandikwe kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Kila nyumba ikachukua fungu lake la ukili. Kazi ya kuunganisha akapewa Mize binti Kombo, mjane mwenye watoto wadogo, aliyeishi kwa shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Aliyempa kazi hiyo ni Bi Hanuni, mkubwa wa wanawake wa mji, mama wa sauti na wa pete. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole kilichokosa pete ya fedha.

Mize akashona, na kadiri alivyoshona ndivyo mkeka ulivyoharibika. Huku ulijikunja, kule ulituna kama chapati iliyoshika moto. Ulipotandikwa kujaribiwa, muadhini, Mzee Shekue, alijikwaa kwenye tuta la katikati, kofia ikaenda upande wake na yeye upande wake. Wanaume wakaguna. Wanawake wakaona haya, na mwenye haya hutafuta wa kumtwika.

"Ukili wetu ni ule ule wa siku zote," Bi Hanuni akasema mbele ya watu. "Kibaya ni mshono. Mize, mwezi ukiandama na mkeka huu haujalala, usishike tena shazia katika mji huu."

Neno lile lilikuwa zito. Mize hakuwa na shamba wala ndugu wa kumwegemea. Bila shazia, wanawe wangekula nini? Mwingine angelia, au angeanza kutaja nyumba zilizoleta ukili wa ovyo, maana wote ulipita mikononi mwake na ya kila nyumba aliyajua. Mize hakumtaja mtu. Aliufumua mkeka wote, mshono kwa mshono, akaukunja kila ukili peke yake, kisha akawaomba wanawake waje uani kwake. Mimi nisingeweza, nawaambia kweli. Ningetaja majina yote na ya majirani zao.

Walipofika, Mize aliwakunjulia ukili mmoja akawaomba wapime, huyu akitoka aje yule. Binti mmoja mwembamba akalaza vidole vyake vinne, ukili ukabaki wazi pembeni. Mama mmoja mnene akalaza vyake, ukili usionekane kabisa. Wakatazamana.

"Mbona miaka yote hatukuliona hili?" akauliza jirani yake Mize, jina lake Time.

"Kwa sababu kila mkeka hushonwa kwa ukili wa mtu mmoja," Mize akajibu. "Nyumbani kwako kidole chako hakikosei. Tumekosea tulipokutana."

Bi Hanuni akasogea mbele. "Basi tupime kwa vyangu. Mimi ndiye mkubwa wenu."

Akalaza mkono, na pete zikavitenga vidole, kati ya kidole na kidole pakawa na mwanya. Wote waliuona.

"Niwie radhi, mama yangu," Mize akasema. "Pete zinaongeza. Ukili wako ndio mpana kuliko wote."

Nampenda Mize kwa jibu hilo, maana riziki yake ilikuwa ndani ya kiganja kile kile alichokuwa akikisahihisha. Lakini na Bi Hanuni nampenda vilevile. Aliutazama mkono wake, kisha akaanza kuvua pete. Ya mwisho ikagoma, akaitemea mate mpaka ikatoka.

"Haya," akasema. "Tutafute mkono usiobadilika. Kunjeni kila ukili, mwisho wake ulale juu ya mwanzo wake."

Hapo ndipo aibu ilipoenea kwa wote. Karibu kila ukili ulikuwa mpana mwanzoni na mwembamba mwishoni. Mtu akichoka hubana vidole, ukili ukapungua, kazi ikaisha upesi, na hakuna anayemwona. Wa Bi Hanuni wenyewe ulikuwa hivyo. Ukabaki ukili mmoja tu ambao mwisho wake ulilingana na mwanzo, usizidi wala usipungue.

"Huu ni wa nani?" Bi Hanuni akauliza.

Mize akainamisha kichwa. Time ndiye aliyejibu, "Ni wake mwenyewe. Ni fungu la nyumba yake."

Basi ukili wote ukasukwa upya kwa vidole vya Mize. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akilaza mkono wake juu ya kazi ya kila mmoja, na penye kosa alisema, fumua hapa, somo yangu, tuanze pamoja. Mtaniuliza kwa nini hawakukata kijiti cha kupimia. Walikata baadaye. Mtu mwenye hofu halikumbuki jambo jepesi.

Mwezi ukiwa karibu kuandama, mkeka ukatandikwa. Mzee Shekue akapita juu yake pekupeku kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, kisha akapita tena kwa kuburuta miguu makusudi, akitafuta pa kujikwaa. Hakupapata. Mkeka ulilala kama maji kwenye sinia.

Nje ya msikiti Bi Hanuni akamwita Mize mbele ya wanawake wote. Mkononi alishika pete yake kubwa, ile iliyogoma kutoka.

"Shazia ya mji huu ni yako na ya wanao," akasema. "Na sasa nipe kidole."

Mize akauficha mkono ndani ya kanga. "Mama, pete itaniharibia kipimo."

"Ukisuka, ivue. Ukimaliza, ivae. Mimi nilizivaa hata kazini, ndiyo maana zikanipoteza."

Mize akautoa mkono taratibu, na kwenye kidole kile chenye sugu na ukucha wenye ufa, pete ikaingia. Bi Hanuni akakishika kidole kile juu, wanawake wote wakione.

"Miaka yote nilidhani pete ndiyo inayokipa kidole heshima," akasema. "Kumbe kidole hutangulia. Chanda chema huvikwa pete."